Kabari ya Utingo na Unga wa Penseli

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni. Tunayachapa kama yalivyosomwa.)



Kama umewahi kusafiri kwa lori katika barabara itokayo Nyakanazi kwenda Rusumo, basi unamjua utingo, na unaijua kabari yake. Ni kipande cha gogo kilichochongwa upande mmoja, kizito, cheusi kwa grisi na oili chafu. Lori likisimama mlimani, dereva hajazima injini, utingo ameshashuka na kuisukumiza chini ya tairi la nyuma. Akichelewa hutukanwa. Akiwahi hakuna amshukuruye. Nimepanda malori hayo mara nyingi kwa kazi yangu hii ya kufuata habari, na sikuwahi kuifikiria ile kabari hata siku moja, mpaka siku ile ambayo haikuweza kutusaidia.

Nimeikumbuka kwa sababu ya barua. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili huko Ngara ameniandikia. Anasema darasani wamefundishwa msuguano, kisha akasoma mahali kwamba wataalamu wamepata vitu viwili vinavyoteleza kimoja juu ya kingine karibu bila msuguano wowote. Anauliza kama ni kweli. Halafu anaongeza swali ambalo sikulitegemea kutoka kwa mtoto: kama ni kweli, sisi watu wa milimani tufurahi au tuogope?

Nimelala na swali hilo siku nne. Nitajaribu kulijibu, ila nitazunguka kidogo.

Chukua tofali la kuchoma. Lifunge kamba, uliburute sakafuni likiwa limelala. Kisha lisimamishe kwa ubavu wake mwembamba, uliburute tena. Wengi tutadhani likilala litakuwa gumu zaidi, kwa kuwa limegusa sakafu sehemu kubwa. Lakini nguvu inayotakiwa ni karibu ile ile. Leonardo da Vinci wa Italia aliliandika jambo hili katika madaftari yake zaidi ya miaka 500 iliyopita, nayo yakakaa bila kusomwa na watu. Mfaransa Guillaume Amontons akaja kulieleza upya mwaka 1699. Walichosema ni kwamba uzito ndio wenye kauli, ukubwa wa eneo hauna.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu lilichelewa sana. Katika karne ya 20, Bowden na Tabor wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba vitu viwili vinavyoonekana kulaliana bapa kabisa, kwa kweli vinagusana kwenye vilele vichache tu. Bowden alilieleza hilo mwaka 1950 katika redio ya BBC, jambo linalonifurahisha mimi mtu wa redio: aliwaambia wasikilizaji wafikirie milima ya Uswisi imegeuzwa juu chini na kulazwa juu ya Austria. Mimi ningesema Ngara imegeuzwa na kulazwa juu ya Karagwe. Vilima vingapi vitagusana? Vichache. Ukiongeza uzito, vilele vilivyogusana vinabonyea, na vingine vipya vinafikiana. Ndiyo maana uzito ukawa na kauli.

Hayo ni ya vilele. Lakini kila kilele nacho kimejengwa kwa atomi, na huko chini kabisa mambo ni mengine.

Fikiria vijana kumi wanaosukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi. Wamefungana kwa kamba moja, wamepanga mstari, na njia yao ina vilima vidogo vilivyoachana kwa umbali sawa. Ikiwa nafasi kati ya kijana na kijana ni sawa na nafasi kati ya kilima na kilima, basi wote kumi watapanda kwa wakati mmoja. Kazi itakuwa nzito ajabu. Wakifika kileleni, wote wanaporomoka pamoja, wanagonga bondeni, baiskeli zinatikisika, ndizi zinadondoka. Kisha wanaanza upya. Atomi zinafanya vivyo hivyo. Zinakwama, zinavutika kama springi, halafu zinachomoka kwa ghafla, na mtikisiko wa kule kuchomoka ndio joto unalolisikia ukisugua viganja vyako asubuhi ya baridi pale Rulenge. Mwaka 1987 wataalamu wa maabara ya IBM huko California, kwa kutumia ncha nyembamba mno ya chuma cha tangsteni, waliweza kuufuatilia mkwamo huo hatua kwa hatua, atomi baada ya atomi.

Sasa badilisha jambo moja tu. Nafasi kati ya vijana isilingane na nafasi ya vilima. Wawili wanapanda, mmoja yuko kileleni, watatu wanateremka, wengine wako bondeni. Anayeteremka anamvuta anayepanda. Mstari mzima unakwenda polepole bila kukwama, na kamba ile hata mtoto angeweza kuivuta. Wajapani wawili, Hirano na Shinjo, walipiga hesabu ya jambo hili mwaka 1990 na kusema kwamba nyuso mbili safi ambazo atomi zake hazilingani zinaweza kuteleza bila msuguano kwa karibu kabisa.

Hesabu ni hesabu. Kuona ni jambo lingine, na kilichowaonyesha watu ni kitu ambacho huyo mwanafunzi aliniandikia nacho: risasi ya penseli.

Risasi ya penseli si risasi. Ni madini ya kinywe yaliyochanganywa na udongo. Kinywe tunacho sisi wenyewe, huko Mahenge mkoani Morogoro, Ruangwa mkoani Lindi, na Mirerani katika miamba ile ile inayotoa tanzanaiti. Ni kaboni iliyojipanga tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lina unene wa atomi moja tu. Ukilitazama tabaka kutoka juu ni sega la nyuki. Wenye mizinga katika misitu ya Biharamulo hawahitaji maelezo zaidi, vyumba vya pembe sita vilivyoshikana. Ndani ya tabaka atomi zimeshikana kwa nguvu kuliko chuma. Kati ya tabaka na tabaka mshiko ni dhaifu. Ndiyo sababu ukipitisha penseli kwenye karatasi, tabaka zinabanduka na kubaki pale, tunasema tumeandika.

Mwaka 2004 wataalamu wa Leiden, Uholanzi, walichapa matokeo ya jaribio lao. Walikivuta kipande kidogo mno cha kinywe juu ya kinywe kingine, huku wakikizungusha kidogo kidogo. Sega lilipolaliana na sega, chumba kwa chumba, kilikwama. Walipokizungusha pembeni, msuguano ukaanguka mpaka vipimo vyao karibu visiuone. Walipofika nyuzi 60, ambapo masega yanalingana tena, kikakwama upya.

Ukitaka kuliona jambo hili nyumbani, chukua mabati mawili ya migongo. Yalaze moja juu ya jingine, mgongo kwa mgongo. Jaribu kulisukuma la juu kwa upande. Halisogei, migongo imeingiliana. Lizungushe likae msalaba, nalo linateleza upande wowote utakao. Ila bati si sega. Bati lina njia moja ambayo, hata likilaliana barabara na mwenzake, litateleza tu: kwa urefu wake, kufuata mifereji.

Hilo sikulisoma kitabuni.

Ilikuwa masika, miaka kadhaa iliyopita. Basi lilikuwa limeniacha Nyakanazi, nikaomba lifti kwenye lori lililokuwa likipeleka mabati na saruji Ngara. Dereva alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kusikiliza taarifa ya habari kwa makini kuliko wengi. Nyuma yetu, pale penye kitanda, alikaa utingo, kijana wa miaka kama ishirini. Tukapita Lusahunga, tukapita Nyakahura. Juu ya mteremko mmoja mrefu kabla ya kufika Benaco, dereva akatoa gia, akaliacha lori liende frii.

Nikamwuliza, "Kaka, hapa si pa gia nzito?"

"Mwandishi, mafuta haya ya tajiri yamepimwa," akanijibu. "Yakipungua yanakatwa kwangu."

Akawa anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga. Katikati ya mteremko utingo akainua kichwa. "Suka, breki zinanuka." Zilikuwa zinanuka kweli, ile harufu ya kitu kama mpira na pembe vilivyoungua. Moshi ukaonekana kwenye kioo cha pembeni. Dereva akakanyaga mpaka mwisho, na lori halikusikia. Akajaribu kurudisha gia. Gia zikalia, zikakataa kuingia. Namshukuru mpaka leo kwa alichofanya baada ya hapo. Hakulipeleka upande wa bondeni, ambako kulikuwa na akina mama na ndizi zao. Alilikamua usukani kwenye ngema ya upande wa mlima, likakwaruza udongo hatua nyingi, likasimama.

Lori lilisimama. Mabati hayakusimama. Yalikuwa yamelazwa kwa urefu wa bodi, yamefungwa kamba ya plastiki, na yakaifuata mifereji yake kama maji. Yakavunja ubao wa mbele, yakaingia kwenye kebini kwa nyuma. Utingo alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Mimi nina kovu begani. Kabari ilikuwa chini ya kiti, miguuni pangu, haikuguswa.

Nimekuja baadaye kupiga hesabu ya siku ile, maana elimu yangu ni stashahada ya uandishi wa habari na sikuwa na haraka na fizikia. Lori la tani 50 likishuka mlima wa mita 200, nguvu inayotokana na uzito wake ni megajuli 98. Nguvu hiyo haipotei. Isipogeuka kuwa mwendo, lazima iwe joto mahali fulani. Joto hilo linaweza kuchemsha lita 290 za maji ya kawaida, pipa moja na nusu hivi. Kwa lugha ya LUKU ni uniti 27 za umeme. Ukiwa kwenye gia nzito, injini inabeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Ukiwa kwenye frii, ukiacha kidogo kinachochukuliwa na upepo na matairi, pipa lote na nusu linachemshwa na breki peke yake.

Na breki ina kiwango chake. Brekilaini ikipata joto kupita kiasi, gundi iliyoshikilia vitu vyake huanza kuungua na kutoa gesi, uso wake unalainika, na msuguano unaporomoka. Ngoma ya breki nayo inatanuka kwa joto na kukimbia mbali na laini zake. Dereva anakanyaga kitu ambacho kimeacha kuwa breki. Kikipoa kitarudi, lakini mteremko haungojei.

Jambo la kusikitisha zaidi nililijua kutoka kwa fundi mmoja wa malori. Katika injini za dizeli za kisasa, zile zenye kompyuta, ukishuka mlima ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, kompyuta hukata mafuta kabisa. Injini inazungushwa na magurudumu bure. Ukiweka frii, injini inabidi ijizungushe yenyewe, kwa hiyo inakunywa. Kwenye mteremko mkali, unaokulazimisha ushike breki kila mara, frii haiokoi tone. Dereva wetu alikuwa anahatarisha watu watatu na soko la ndizi ili kuokoa mafuta ambayo hakuwa anayaokoa. Nasema dereva, lakini mimi simlaumu yeye kwanza. Mtu anayekatwa mshahara kwa kila lita atafanya lolote ambalo mwenzake amemwambia linapunguza lita. Tajiri aliyempimia mafuta kwa kijiko angeweza pia kumwambia ukweli huu, kama anaujua.

Basi, mwanafunzi wangu, turudi kwenye swali lako. Ni kweli. Na limekwishatoka kwenye atomi na kuja kwenye vitu vinavyoshikika. Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, walionyesha utelezi huo kwenye vipande vya kinywe vinavyoonekana kwa hadubini ya kawaida. Mwaka 2015, katika maabara ya Argonne karibu na Chicago, walitumia tabaka za kaboni pamoja na chembe ndogo mno za almasi. Tabaka zilijiviringa kwenye chembe zile kama mkeka kwenye mti, zikateleza juu ya uso mgumu wa kaboni kwa msuguano wa 0.004. Kwa hesabu hiyo, gunia la kilo 100 ungeliburuta kwa nguvu ya kuinua gramu 400, chini ya nusu kilo ya sukari. Mpira wa tairi juu ya lami kavu ungekudai kilo 70 au zaidi.

Usikimbilie kununua. Jaribio lile lilitaka hewa kavu, unyevu uliliharibu. Na hapo kuna kichekesho, kwa sababu kinywe cha kawaida kinataka unyevu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege zilipopanda juu sana, ambako hewa ni kavu, brashi za kaboni kwenye dainamo zake zilikuwa zinasagika kuwa vumbi kwa muda mfupi. Mvuke wa maji ndio uliokuwa ukizisaidia kuteleza huku chini. Uchafu, kingo zilizovunjika, kipande kidogo kinachojizungusha na kulaliana tena na mwenzake, vyote vinaurudisha msuguano. Huo utelezi mkubwa una masharti mengi kama bibi harusi.

Hata hivyo wanaoutafuta hawachezi. Holmberg wa Ufini na Erdemir wa Marekani walikadiria mwaka 2017 kwamba karibu asilimia 23 ya nishati yote inayotumika duniani huishia kwenye msuguano na uchakavu wake. Beringi, pistoni, meno ya gia: huko kote msuguano ni wizi mtupu.

Lakini tazama gurudumu la lori. Katikati kuna beringi inayotaka utelezi wote uliopo duniani. Shubiri moja kutoka hapo kuna brekilaini inayotaka msuguano wote. Kinachozitenganisha ni sili ndogo ya mpira. Sili hiyo ikichoka, grisi inavuja, inaingia kwenye breki, na rafiki wa beringi anakuwa muuaji. Kwa hiyo jibu langu kwako ni kwamba ufurahi kwa ajili ya beringi na uogope kwa ajili ya sili. Ukipata kazi ya ufundi, anza na sili.

Kuna jambo moja zaidi ambalo huniumiza kichwa nikipita njia ile. Wilaya yako ya Ngara imekalia nikeli ya Kabanga. Mwaka 2021 serikali ilitiliana saini na wawekezaji, ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel ambayo serikali ina hisa asilimia 16 ndani yake. Nikeli hutakiwa kwa betri za magari ya umeme, na kinywe cha akina Mahenge na Ruangwa hutakiwa kwa betri hizo hizo. Gari la umeme likiteremka mlima, mota yake inageuka kuwa jenereta: inalizuia gari na kurudisha sehemu ya zile uniti 27 kwenye betri, na breki zinapumzika. Hayo yote yamo ardhini mwetu. Juu yake malori yanashuka frii.

Nilipopita Benaco mwezi uliopita nilimtafuta yule utingo. Si utingo tena. Ana kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara, na anaifanya kazi hiyo kwa vidole vitatu upesi kuliko ninavyoweza mimi kwa vitano. Nikamsomea barua ya mwanafunzi. Akacheka sana kwenye lile swali la kufurahi au kuogopa, kisha akaniuliza, "Mwandishi, huo unga wa penseli unauzwa wapi?"

Nikadhani ananitania. Akanionyesha kufuli lake. Kila masika linakwama, akilitia oili vumbi linaganda ndani, mambo yanakuwa mabaya zaidi. Nikatoa penseli yangu mfukoni. Akaichonga kwa wembe juu ya kipande cha gazeti, akasaga risasi yake ikawa unga, akaumimina kwenye tundu la ufunguo, akazungusha. Mara ya kwanza ufunguo ukagoma. Mara ya pili ukaingia mpaka mwisho, kufuli likafunguka.

Jua lilikuwa linazama na wateja wamekwisha. Akaingiza pampu na karai lake ndani, akaisogeza kwa mguu ile kabari iliyokuwa imeushikilia mlango, akafunga.